Somo kwa Wanamuziki Wetu: Kuanza Violoni kwa Njia ya Video



Katika parokia nyingi leo kuna vijana wanaotamani kupiga violoni. Fanfari tunayo, filimbi tunazo, waimbaji ni wengi. Lakini mwalimu wa violoni ni vigumu kumpata. Mtu anaweza kuzunguka mji mzima akiuliza, na kurudi nyumbani bila jibu. Zamani neno lilikuwa linaishia hapo. Siku hizi kijana anafungua telefone yake na kumwona mwalimu wa Ufaransa, wa Marekani au wa Brezili akifundisha bure, hatua kwa hatua.

Ndiyo maana ulizo hili limefika mbele yetu mara nyingi: je, mtu anaweza kujifunza violoni kwa kutazama video? Jibu letu ni hili: anaweza kuanza, na kuanza vizuri, kama anafahamu kitu ambacho video haina. Video ina mdomo, ina mikono, lakini haina macho. Inakuonyesha, lakini haikuoni. Ukikosea, mwalimu wa ndani ya telefone anaendelea kutabasamu na kusema, «Vizuri sana, sasa tuendelee.» Somo letu la leo ni juu ya macho hayo yanayokosekana, na namna ya kuyapata kati yetu sisi wenyewe.

1. KWA SABABU GANI TUANGALIE JAMBO HILI

Violoni nyingi zilizo katika parokia zetu zilinunuliwa kwa matoleo. Mama aliyeuza mihogo sokoni alitoa sehemu yake. Baba aliyetembea kwa miguu ili asilipe teksi alitoa sehemu yake. Basi violoni ikilala ndani ya sanduku, nyuzi zimelegea na mende wanakula nywele za upinde, ni toleo la watu linaloharibika.

Na tumeona namna inavyotokea. Kijana anaanza kwa moto mkubwa. Anajifunza peke yake chumbani miezi mitatu au mine. Bega limepanda hadi sikioni, kidole gumba cha kushoto kinabana shingo ya violoni kama koleo, na yeye hajui. Halafu maumivu yanaanza, sauti inabaki ya kukwaruza, jirani wanacheka, naye anasema, «Chombo hiki si cha watu kama sisi.» Anakirudisha. Kumbe tatizo halikuwa chombo, wala hakukosa akili. Alikosa tu mtu wa kumwambia siku ya kwanza, «Shusha bega.»

2. MFANO WA NDUGU ZETU WA KINSHASA

Mwaka 1994, pale Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, alianzisha orkestra ya simfoni. Kazi yake ilikuwa urubani wa ndege, na kazi hiyo ilikuwa imekwisha. Wakati ule hakukuwa na video za intaneti; YouTube yenyewe ilianza mwaka 2005. Watu 12 walitaka kujifunza violoni, na violoni zilikuwa 5. Walifanya nini? Waligawana zamu: huyu dakika 20 hivi, halafu anampa mwenzake. Uzi ukikatika na hakuna uzi mwingine, walitafuta waya wa breki ya baiskeli.

Orkestra hiyo, ambayo wengi wao walikuwa watu wa kazi za kila siku, wanaofanya mazoezi jioni, ilifika mahali pa kupiga Simfoni ya 9 ya Beethoven. Mwaka 2010 filamu yenye jina «Kinshasa Symphony» iliwaonyesha kwa ulimwengu.

Tuangalie vizuri mfano huu. Watu wengi wanashangaa juu ya waya wa baiskeli. Sisi tunaomba mshangae zaidi juu ya zamu. Watu 12, violoni 5: maana yake wakati wowote wako 7 ambao mikono yao ni mitupu. Mtu mwenye mikono mitupu ana nafasi ya kutazama na kusikiliza. Anaona mwenzake anavyokunja kiwiko. Zamu yake ikifika, tayari amejifunza kitu. Umaskini wa vyombo unaweza kuwa shule, kama wanaongoja hawalali.

Na jambo hili si geni katika Maandiko. Katika 1 Nyakati sura ya 25 tunasoma juu ya waimbaji wa wakati wa Daudi waliofundishwa kazi yao: hesabu yao ilikuwa 288, na zamu ziligawanywa kwa kura bila kumtenga aliye mwalimu na aliye mwanafunzi. Wote waliingia katika kura ile ile.

3. FAHAMU CHOMBO KABLA YA KUFUNGUA VIDEO

Kipimo. Violoni ya mtu mzima inaitwa 4/4. Za watoto ni 3/4, 1/2, 1/4 na nyingine ndogo zaidi. Mtoto anyooshe mkono wa kushoto chini ya violoni iliyo begani. Kama vidole vinazunguka kichwa cha violoni bila kujinyoosha kwa nguvu, kipimo ni sawa. Violoni kubwa kupita mkono inaharibu mkono.

Nyuzi. Ziko nne. Kutoka nene hadi nyembamba: sol, re, la, mi. Tunaanza kurekebisha na la, ambayo kipimo chake cha kawaida ni 440 kwa sekunde. Telefone inaweza kusaidia hapa: kuna programu za bure zinazosikiliza uzi na kuonyesha kama uko juu au chini. Zungusha kigingi polepole, huku ukikisukuma kidogo kuingia ndani, la sivyo kinateleza. Uzi wa mi ni mwembamba na unakatika upesi. Usiupandishe kwa haraka.

Roho ya violoni. Ndani ya violoni kuna kijiti kidogo cha mbao kinachosimama kati ya ubao wa juu na ubao wa chini. Kwa Kifaransa wanakiita «roho». Hakikugundishwa kwa gundi. Kinasimama kwa kubanwa kati ya mbao hizo na kwa mkazo wa nyuzi. Ukilegeza nyuzi zote nne mara moja, daraja linaanguka na roho nayo inaweza kuanguka, na sauti inakufa. Ndiyo maana nyuzi zinabadilishwa moja moja: toa moja, weka mpya, halafu nenda kwa inayofuata.

Upinde. Nywele zake ni za mkia wa farasi. Usiziguse kwa vidole, mafuta ya mkono yanazifanya ziteleze. Kabla ya kupiga, kaza skrubu hadi kati ya mti na nywele pabaki nafasi ya unene wa kalamu. Baada ya kupiga, legeza. Paka kolofani, ule utomvu mkavu. Upinde mpya usiopakwa kolofani hautoi sauti hata kidogo, na wengi wamedhani violoni yao imekufa. Kolofani mpya ikiwa laini kama kioo, ikwaruze kwanza kwa karatasi ya msasa.

Jua. Usiache violoni juani wala ndani ya gari lililofungwa. Gundi yake inaachilia kwa joto na mbao zinafunguka.

4. KUCHAGUA MWALIMU WA VIDEO

Chagua mmoja, na umfuate. Kijana anayetazama leo huyu, kesho yule, anakuwa kama mtu anayekula wali usioiva katika nyumba tano. Mwalimu mzuri tunamtambua kwa alama hizi:

– Masomo yake yana hesabu: la kwanza, la pili, la tatu. Hayarukiruki.
– Anaonyesha mikono kwa karibu, na kwa pande mbalimbali.
– Anakaa muda mrefu juu ya kusimama, kushika chombo na kushika upinde, kabla ya kufundisha wimbo.
– Haahidi kwamba utapiga vizuri kwa siku saba.

Lugha isikuogopeshe. Kama anasema Kiingereza na wewe unajua Kifaransa na Kiswahili, tafuta mmoja wa kikundi anayesikia kidogo, aandike maneno kumi au kumi na tano ya lazima kwenye karatasi. Mengine macho yanaelewa.

Juu ya feza za mega: msifungue video ile ile kila siku kwa mtandao. Mmoja aipakue mara moja, pale mtandao ni mzuri, halafu wengine waipate kwake kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu. Hivyo hata siku umeme umekatika na hakuna mtandao, somo liko.

5. NAMNA YA KUTAZAMA

Video moja itazamwe mara tatu kabla ya kugusa violoni.

Mara ya kwanza, tazama yote kama mtu anayesikiliza habari. Mara ya pili, ondoa sauti na utazame kitu kimoja tu: leo kiwiko cha kuume, kesho kifundo cha mkono wa kushoto. Mara ya tatu, funga macho na usikilize sauti yenyewe: inaanza namna gani, inaishia namna gani. Mahali pagumu, punguza mwendo. YouTube inaweza kwenda kwa nusu ya mwendo bila sauti kushuka.

Jihadharini na jambo moja. Mwalimu anasimama uso kwa uso nanyi, kwa hiyo mkono wake wa kushoto mnauona upande wenu wa kuume. Wanaoanza wanachanganyikiwa hapa sana. Kumbukeni daima: violoni inakaa upande wa kushoto, upinde unashikwa kwa mkono wa kuume, na ndivyo hata kwa yule anayeandika kwa mkono wa kushoto, ili orkestra nzima ivute upande mmoja.

Kisha zima video, na ufanye kazi. Kanuni yetu ni hii: dakika 5 za kutazama, dakika 20 za kufanya. Anayetazama saa moja na kupiga dakika tano amefurahia muziki wa mwingine, wake haujaanza.

6. MACHO YA MWENZAKO

Hapa ndipo moyo wa somo. Mtu asijifunze peke yake. Mwende wawili wawili, au watatu. Mmoja anapiga, mwingine anatazama akiwa na karatasi hii mkononi:

Bega: liko chini? Likipanda, simamisha.
Kidevu: kinapumzika upande wa kushoto juu ya kipande chake, bila kusaga meno?
Mkono wa kushoto: mwambie aondoe mkono kidogo. Violoni inabaki begani bila kuanguka? Kama inaanguka, mkono ulikuwa unabeba mzigo usio wake. Weka kitambaa kilichokunjwa au sponji begani.
Kidole gumba cha kuume: kimekunjwa, kikielekeana na kidole cha kati? Kikinyooka kama fimbo, sauti itakuwa ngumu.
Kidole kidogo cha kuume: kimekaa juu ya mti wa upinde, kikiwa cha mviringo?
Upinde: unakwenda sambamba na daraja, katikati ya daraja na mwisho wa ubao wa vidole? Upinde ukipinda kama barabara ya mlimani, sauti inapiga mluzi.
Pumzi: anapumua? Wengi wanashika pumzi bila kujua.

Anayetazama aseme jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwa upole. Ukimwambia mwenzako makosa saba kwa mara moja, hatarekebisha hata moja. Na anayeambiwa asikasirike. Mdogo anaweza kumwambia mkubwa, «Ya Jean, bega limepanda,» na mkubwa ashushe bega na kusema asante. Kwa kazi hii umri hauna kiti cha mbele.

Je, wasio na violoni wafanye nini wakingoja zamu? Wafundishaji wa njia ya Shinichi Suzuki wa Japani wamezoea kuwaanzisha watoto wadogo kwa sanduku la kadibodi lenye umbo la violoni, ili mwili ujifunze kusimama kabla ya sauti. Sisi pia tunaweza: kadibodi begani, na kalamu mkononi kwa kujifunza kushika upinde. Kalamu haigharimu kitu, nayo inafundisha vidole vitano kukaa mahali pake.

Kama hakuna mwenzako siku hiyo, tumia kioo, au simamisha telefone juu ya kiti na ujipige filamu kwa dakika moja. Telefone iliyokuwa mdomo inakuwa jicho. Weka filamu hizo kwa tarehe. Baada ya miezi mitatu, tazama ya kwanza na ya mwisho. Hakuna neno la kukutia moyo kupita hilo.

Na mwalimu wa kweli akipita mjini, hata kwa siku mbili, msimwache aende. Mwombeni asifundishe wimbo mpya, bali awatazame mmoja mmoja. Jicho lake la nusu saa linaweza kuokoa mwaka mzima.

7. VIOLONI INAJISHUHUDIA YENYEWE

Shingo ya violoni haina alama za kuonyesha vidole vikae wapi, si kama gitaa. Wengine wanabandika utepe mwembamba. Si vibaya kwa miezi ya kwanza. Lakini sikio lipewe kazi tangu mwanzo.

Violoni ina shahidi wa ndani. Weka kidole cha tatu kwenye uzi wa la, upate re. Ukiwa umeweka mahali pake kabisa, uzi wa re ulio kando, ambao hukuugusa, unatetemeka wenyewe na sauti inafunguka kama mlango. Ukikosea kwa upana wa unyuzi, unanyamaza. Vilevile kidole cha tatu kwenye uzi wa re kinaamsha uzi wa sol, na kidole cha tatu kwenye uzi wa mi kinaamsha uzi wa la. Kwa sababu hiyo nyuzi zirekebishwe kwanza kila siku; shahidi asiyerekebishwa anasema uongo.

Wimbo wa kwanza usiwe mrefu. Anza na nyuzi tupu, upinde mrefu, polepole, ukihesabu hadi nne. Halafu ngazi ya la: la, si, do dieze, re kwenye uzi wa la, mi, fa dieze, sol dieze, la kwenye uzi wa mi. Kidole cha pili na cha tatu vinakaribiana. Cha kwanza na cha pili vinaachana. Baada ya hapo chagua wimbo wa korali ambao unaujua tangu utoto, maana sikio lako litakuambia mara moja pale umepotea.

8. UTARATIBU WA JUMA

Siku tano: dakika 20 hadi 30 kwa kila mmoja, wawili wawili. Ni afadhali dakika 20 kila siku kuliko saa tatu kwa siku moja.
Siku ya Posho: kikundi chote pamoja. Kila mmoja anapiga dakika mbili mbele ya wengine. Halafu mnatazama video ya juma linalofuata.
Siku ya Mungu: vyombo vipumzike, isipokuwa kwa wale ambao mwongozi amewaona tayari. Miezi sita ya kwanza tusimsukume mtu mbele ya kusanyiko. Mche hauvunwi.

Maumivu ya bega, ya shingo au ya kifundo yakija, simamisha. Pumzika, halafu mwenzako atazame upya. Violoni haifundishwi kwa kuvumilia maumivu.

Na kila parokia iandike katika daftari: violoni ngapi, nani anayo leo, nani anaipata kesho, nyuzi za akiba ni ngapi. Kila mwezi kikundi kitenge kiasi kidogo kwa nyuzi na kolofani. Waya wa baiskeli ulisaidia siku ya shida. Sisi tujipange ili siku hiyo isifike.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA

1. Video inaweza kutupa nini, na ni kitu gani haiwezi kutupa?
2. Watu 12 wa Kinshasa walitumiaje violoni 5? Sisi tuna ngapi, na zamu zetu ziko wapi?
3. Kwa sababu gani nyuzi zinabadilishwa moja moja?
4. Anayetazama mwenzake aseme mambo mangapi kwa wakati mmoja? Kwa nini?
5. Tunajuaje, bila telefone, kwamba kidole cha tatu kiko mahali pake?
6. Katika parokia yetu kuna violoni iliyolala ndani ya sanduku? Nani ataifungua juma hili, na nani atakaa kando yake kumtazama?

Wapendwa, ulizo la 6 msilijibu kwa mdomo tu. Andikeni majina mawili kwenye daftari kabla ya kutoka katika kikao: la atakayepiga, na la atakayetazama. Tunawatakia kazi njema na mikono yenye uvumilivu.